Deki ya CD ya hadhi ya juu kwa muziki wa roki: maswali ninayoulizwa sana Mombasa

Watu wa roki mjini hapa si wengi, lakini wote huuliza yale yale. Mimi hufungua deki za CD kwa kazi, na jioni husikiliza roki kwa mapenzi. Maswali haya nimeyajibu dukani, kwenye kivuko cha Likoni, hata msibani mara moja. Soma kwanza, kisha kama bado una swali, njoo na deki yako.

## Ya kuanzia

Simu ninayo na muziki wote umo ndani. Deki ya CD ya nini?

Kama simu inakutosha, usinunue kitu. Nasema kweli.

Sababu yangu mimi ni hii: albamu nyingi za roki za zamani zimesafishwa upya mara mbili au tatu, na kila mara zinaongezwa ukubwa wa sauti. Kwenye simu unapewa ile waliyoamua kukupa, mara nyingi ya mwisho. CD iliyochapwa mwaka 1986 au 1991 imebaki na sauti ya mwaka huo, hakuna anayeweza kuingia usiku akaibadilisha. Na hazina bei. Nimeokota CD safi kwenye maboksi ya mitumba kwa bei ya mahamri na chai.

"Hadhi ya juu" maana yake nini hasa?

CD ya kawaida ina vipimo vilevile tangu Sony walipouza deki ya kwanza, CDP-101, nchini Japani mwezi Oktoba 1982: vipimo 44,100 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 16. Deki ya laki tano na ya elfu kumi zinasoma namba zilezile. Zinapotofautiana ni jinsi zinavyozisoma bila kubabaika, jinsi zinavyozigeuza kuwa sauti, na stima safi kiasi gani inafika kwenye sehemu hizo mbili.

Kwa hiyo unapolipa zaidi, unalipia transfoma nzuri, mtambo wa kusomea ulio imara, sakiti ya kutolea sauti iliyotengenezwa kwa uangalifu, na boksi zito lisilotikisika. Unalipia pia bamba la alumini la mbele ambalo halitoi sauti yoyote. Mimi huanza kuita deki "ya hadhi ya juu" bei yake mpya inapopita laki moja na nusu. Mwingine atakuambia anaanzia milioni. Huyo mwache na pesa zake.

Kwani roki inahitaji deki yake, tofauti na taarab?

Hakuna deki ya roki. Ila roki huibana deki mahali ambapo taarab haiibani. Katika taarab sikio linafuata sauti ya mwimbaji, fidla na kanuni, na kuna nafasi ya kupumua kati yake. Katika roki kuna ngoma ya mguu inayopiga kifua, besi chini yake, gitaa mbili zenye mkwaruzo zikigombania nafasi moja, na matoazi juu yakimwagika mfululizo. Deki dhaifu huvichanganya vyote vikawa uji.

Halafu kuna tatizo la pili, nalo ndilo kubwa. Kuanzia miaka ya tisini watayarishaji walianza kushindana nani CD yake ina kelele zaidi. Sehemu za chini zikapandishwa, za juu zikagandamizwa, mpaka wimbo mzima ukawa umegusa dari. Mfano maarufu ni Death Magnetic ya Metallica ya mwaka 2008: mashabiki wenyewe walilalamika, hasa walipogundua kwamba nyimbo hizohizo ndani ya mchezo wa video zilikuwa na nafasi zaidi ya kupumua.

Sasa sikiliza hapa, maana wauzaji hawalisemi. Muziki kwenye CD ni nukta, na DAC, yaani kile kigeuzi cha namba kuwa sauti, kazi yake ni kuziunganisha kwa mkunjo laini. Nukta mbili zikiwa zimegusa dari, mkunjo unaozipitia unaweza kupanda juu ya dari yenyewe. Deki iliyoachiwa nafasi ya ziada inaupitisha. Deki isiyoachiwa inaukata, na ule mkato unausikia kama mchanga juu ya matoazi. Taarab iliyorekodiwa kwa upole haitakuonyesha kasoro hiyo hata siku moja. Albamu moja ya metali, yaani roki nzito, itakuonyesha kwa dakika tano.

Nitaijuaje deki isiyo na nafasi hiyo?

Haiandikwi kwenye boksi. Nenda dukani na CD yako ya kelele kuliko zote, si ile nzuri wanayokuchagulia wao. Sikiliza dakika 20 mfululizo kwa sauti ya kawaida ya nyumbani kwako. Mkono wako ukianza wenyewe kutafuta rimoti upunguze, jibu umeshalipata.

## Sebule yako kwanza

Nimenunua deki ghali na gitaa bado zinanichoma masikio. Niibadilishe?

Kabla hujabadilisha, simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia kama ukuta umekujibu, ugonjwa si wa deki.

Nyumba zetu zinarudisha sauti. Mji wa Kale una kuta nene za mawe ya matumbawe na dari ya boriti. Nyumba mpya za Nyali na Bamburi zina vigae sakafuni, vioo vikubwa na ukuta mtupu. Gitaa la roki likitoka kwenye spika hugonga kigae, likapanda darini, likarudi masikioni mwako mara tatu. Unachosikia ni sebule ikipiga kelele, wala si deki yako ya Marantz.

Kuna mteja alikuja kwangu akiwa ameshabadilisha deki mara mbili. Nilikwenda kwake Tudor. Sofa moja ya ngozi, vigae vyeupe, dirisha bila pazia, na spika zimebanwa kwenye pembe. Tukatandika zulia la mamake lililokuwa limekunjwa juu ya kabati, tukatundika pazia nzito, tukavuta spika hatua moja mbele. Alikaa kimya wimbo mzima. Kisha akaniuliza kama deki ile ya kwanza bado naweza kumtafutia alikoiuza.

Pangaboi na madirisha wazi vinaharibu?

Haviharibu, vinafunika. CD inaweza kubeba tofauti ya karibu desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Namba hiyo ina maana katika chumba kimya. Mwezi wa pili, kaskazi ikiwa imetulia na pangaboi liko namba tatu, tuktuk inapita nje na jirani anakaanga viazi karai, huzisikii desibeli hizo zote wala nusu yake. Basi deki ikitangazwa kwa ukimya wake wa ajabu, usiongeze shilingi kwa ajili hiyo tu. Ongeza kwa uimara na kwa ile nafasi niliyoieleza kwenye jibu la roki na taarab.

Saa ya adhana, bila shaka, unapunguza. Deki yenye rimoti inayofanya kazi ni neema.

Bajeti niigawe vipi?

Spika kwanza, amplifaya pili, deki tatu. Roki ni hewa inayosukumwa, na deki haisukumi hewa. Nikiona mtu ana deki ya laki tatu na spika za elfu kumi na tano, mimi humwambia auze deki.

## Kuchagua

Chipu ipi ya DAC ni bora? ESS, AKM au zile za zamani?

Vijana wanataja chipu kama wanavyotaja wachezaji wa mpira. ESS, AKM, Burr-Brown, na wazee wanaoapa kwa TDA1541 ya Philips. Zote zinaweza kutoa sauti nzuri, na zote nimezisikia zikitoa sauti mbaya. Kinachokuja baada ya chipu, yaani sakiti ya kutolea sauti, na kinachokuja kabla yake, yaani stima, ndivyo vinavyoamua. Usinunue deki kwa jina la chipu.

Deki moja kamili, au mtambo wa kusomea na DAC, kila kimoja peke yake?

Kwa Mombasa mimi naelekea vipande viwili. Sababu si sauti, ni matengenezo. Kinachokufa kwenye deki ni sehemu inayozunguka: leza, mota, trei. DAC haina kinachozunguka, inaweza kukaa miaka. Mtambo ukifa unatafuta mwingine, hata wa mitumba, unauchomeka kwenye DAC ileile kwa kebo ya dijitali, na sauti yako unayo.

Ukipenda boksi moja, hakikisha lina tundu la kutolea dijitali nyuma, ili siku moja ukitaka ugawe.

SACD inafaa kwa roki?

SACD, diski inayofanana na CD ila yenye ubora wa juu zaidi, ilitoka mwaka 1999 na roki yake ni chache. Zipo albamu kubwa za miaka ya sabini zilizotolewa hivyo, na nyingine ni nzuri sana, lakini uzuri mara nyingi umetokana na aliyesafisha upya kanda kuliko aina ya diski. Nyingi zina tabaka mbili, na tabaka ya CD inasomwa na deki yoyote. Kama huna SACD kumi kabatini, usilipie.

Soketi za XLR (zile za pini tatu) au zile nyekundu na nyeupe?

XLR husaidia kebo ikiwa ndefu na amplifaya yako imetengenezwa hivyo kweli ndani, si nje tu. Kwa mita moja ya kebo, nyekundu na nyeupe zinatosha. Kumbuka XLR mara nyingi hutoa sauti kubwa zaidi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Soma jibu la kulinganisha hapa chini.

Na kebo za bei mbaya?

Hapana. Nunua kebo iliyolehemewa vizuri yenye plagi inayobana. Adui wa kebo hapa ni chumvi. Mtu anayekaa karibu na ufuo avue plagi kila miezi michache, azifute kwa spiriti, azirudishe. Nusu ya "deki zilizopoteza upande mmoja" ninazoletewa hupona kwa kitambaa na spiriti, na mimi huona haya kuchukua pesa.

Nilinganishe vipi deki mbili bila kudanganywa?

Sawazisha sauti kwanza. Deki inayotoa sauti kubwa kidogo tu, kiasi ambacho huwezi kusema ni kubwa, sikio huiita bora: "ina uhai", "ina ngumi". Muuzaji mjanja analijua hilo. Tumia CD mbili za albamu moja ukizipata, ziwashe pamoja, na umwombe mwenzako abadilishe swichi wewe ukiwa umegeuka. Ukishindwa kuzitofautisha, chukua ya bei nafuu ukale biriani.

## Mitumba na stima

Nimeona deki nzuri iliyotoka Japani kwenye kontena. Tahadhari gani?

Japani stima yao ni volti 100. Yetu ni 240. Ukiichomeka moja kwa moja, utasikia mlio mdogo, kisha harufu, kisha kimya. Geuza deki usome kibandiko cha nyuma kabla ya kutoa pesa. Ikiwa imeandikwa 100, unahitaji transfoma ya kushusha. Deki ya CD hula stima kidogo, hivyo transfoma ndogo bora inatosha, ila iwe kweli ya 100. Zile za 110 za vifaa vya Marekani zitaichosha deki kwa joto.

Watu huuliza kama tofauti ya masafa ya stima itabadilisha kasi ya muziki, kama ilivyokuwa kwa baadhi ya sahani za santuri. Haibadilishi. Kasi ya CD inaongozwa na saa ya fuwele iliyo ndani ya deki.

Za kutoka Uingereza hazina shida hiyo, na plagi yao ni hii yetu.

Dukani nijaribu nini kwenye deki ya mitumba?

Nenda na CD ndefu, inayopita dakika 70, na uruke moja kwa moja hadi wimbo wa mwisho. CD husomwa kutoka ndani kwenda nje, ikizunguka karibu mara 500 kwa dakika mwanzoni na 200 mwishoni. Leza iliyochoka au reli iliyokauka grisi hujificha kwenye nyimbo za kwanza, ikaumbuka pembezoni. Kisha fungua na ufunge trei mara kumi. Kisha iache iwe ya moto nusu saa na urudie.

Duka moja lilinikatalia kufanya hayo, likisema "mashine haipendi kusumbuliwa". Nilikuwa mjinga enzi hizo, nikanunua. Haikumaliza wiki.

Trei imekataa kufunguka. Leza imekufa?

Karibu kila mara ni mkanda wa mpira. Upo chini ya trei, mdogo kama pete ya mtoto, na joto letu huulegeza au kuugeuza ulimbo mweusi unaong'ang'ania vidole. Usiivute trei kwa kisu. Fundi atafungua kifuniko, atazungusha gurudumu dogo kwa kidole mpaka trei itoke yenyewe, asafishe ule ulimbo wote kwa spiriti, avalishe mkanda mpya wa kipimo sahihi. Nimeona watu wakivalisha mpira wa kufungia noti za pesa. Hufanya kazi siku tatu.

Vipuri vya leza vinapatikana?

Uliza hili kabla ya kuuliza bei ya deki. Deki nyingi, hata za majina makubwa, zilitumia vichwa vya leza vya kawaida kama KSS-213 ya Sony au VAM1202 ya Philips, na hivyo bado unaweza kuviagiza, japo bandia ni nyingi. Mitambo ya kipekee kama VRDS ya Esoteric, inayoibana CD kwenye sahani nzito ili isitetemeke, ni kazi ya kupendeza kuitazama. Lakini ikiharibika kipuri si cha kukipata Digo Road.

Ninunue stabilaiza?

Nunua kile kifaa cha kulinda kinachosubiri dakika chache stima ikirudi kabla ya kuiachilia, kama cha friji. Kinachoua deki hapa ni ule mshtuko wa stima kurudi baada ya kukatika. Wakati wa radi, chomoa kabisa.

## Hewa ya pwani

Asubuhi za masika deki inakataa kusoma CD, mchana inakubali. Kwa nini?

Umande. Usiku AC imepoza deki, asubuhi umefungua dirisha, hewa yenye unyevu imegusa lenzi baridi ikaweka ukungu kama wa kioo cha gari. Iwashe bila CD, isubiri saa moja au mbili. Vivyo hivyo kwa deki iliyotoka kwenye gari lenye AC. Tatizo likibaki hata mchana, huenda ni kuvu kwenye lenzi, hilo ni la fundi.

Nifunike deki na kitambaa?

Ikiwa imezimwa na imepoa, ndiyo, cha pamba. Plastiki hapana, hufungia unyevu ndani. Na usiiache imewashwa mwezi mzima kwa sababu umesoma eti inapata "joto la sauti". Joto huita wageni. Nimeshatoa mjusi mkavu kati ya miguu ya kapasita, na kundi zima la sisimizi na mayai yao chini ya transfoma.

CD zenyewe nizisafishe vipi?

Kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa mzunguko. Mkwaruzo unaokata njia deki inauruka kwa hesabu zake za kurekebisha makosa, ambazo zinaweza kufidia pengo la karibu milimita 2.5. Mkwaruzo unaofuata njia unazishinda hesabu hizo. Na upande wa kuogopa zaidi ni wenye maandishi: upande wa chini data inalindwa na plastiki nene ya zaidi ya milimita moja, upande wa maandishi imefunikwa na rangi nyembamba tu.

## Yasiyo ya kawaida

Albamu ya moja kwa moja jukwaani, makofi yanakatika kati ya nyimbo.

Deki halisi ya CD haikati. Kama inakata, ama ni mashine ya DVD inayojifanya deki, ama ni CD ya kuchoma iliyowekewa sekunde mbili za kimya kati ya nyimbo. Mwambie aliyekuchomea.

Nimesikia kuna wimbo uliofichwa kabla ya wimbo wa kwanza.

Ni kweli kwa baadhi ya albamu. Anza wimbo wa kwanza, kisha shikilia kitufe cha kurudisha nyuma hadi saa ionyeshe dakika hasi. Baadhi ya deki hukataa. Si ubovu, zimetengenezwa hivyo.

CD zangu za kuchoma hazisomwi na deki ya zamani.

Huakisi mwanga kidogo kuliko za kiwandani, na zile za kufuta na kuandika upya huakisi kidogo kuliko zote. Leza iliyozeeka hukata tamaa kwazo kwanza. Ichukulie kama onyo la mapema.

CD yangu ya mwisho wa miaka ya themanini imegeuka rangi ya shaba ukingoni.

Angalia kama imechapwa Uingereza na PDO, kiwanda cha Blackburn. Sehemu ya diski zao za mwaka 1988 hadi 1993 zina ugonjwa huo, tabaka ya metali ndani yake huliwa polepole kutoka ukingoni. Hakuna deki itakayoiponya. Inakili leo kwenye kompyuta maadamu bado inasoma, uanzie nyimbo za mwisho.

CD ya zamani ya Japani inasikika sawa kwenye deki, lakini nikiinakili kwenye kompyuta sauti inakuwa kali, yote matoazi.

Baadhi ya CD za mwanzo zilirekodiwa na sauti za juu zimepandishwa makusudi, zikawekewa alama ya kuiambia deki izishushe. Deki inaisoma alama hiyo na kutii, wewe hujui kitu. Programu nyingi za kompyuta haziitazami. Tafuta programu inayoijua, au nakili kutoka kwenye soketi za sauti za deki yenyewe. Aliyeniuliza hili alikuwa na CD ya Queen, na tulipomaliza ya kompyuta tukabaki saa nzima tukibishana kama Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja mwaka 1946, ni wa kwao Waunguja au ni wetu sote wa pwani.